Kiti cha Mtoto Asiyelipa

Ukifika Kyoto mwezi Mei utadhani mji mzima ni shule. Stesheni imejaa watoto wa sare, kila mmoja na begi lake. Wanakaa chini kwa mistari, wanahesabiwa, wanasimama, wanahesabiwa tena. Wengi wana miaka 14 au 15, wako mwaka wa mwisho wa sekondari ya chini, na wamekuja kwa ile safari ambayo Wajapani huiita shugaku ryoko. Huchukua siku tatu hivi, walimu wakiwa mbele, muuguzi na mpiga picha nyuma. Karibu kila mtu mzima nchini humo aliwahi kuifanya. Waziri aliifanya, muuza samaki aliifanya, na wakikutana mezani hukumbushana mambo yaleyale: walimu wakikesha kwenye korido la nyumba ya wageni huku vijana chumbani wakipigana kwa mito.

Kutoka Kyoto huenda hadi Nara, kwenye hekalu la Todaiji, kumwona Buddha wa shaba mwenye kimo cha karibu mita 15, aliyezinduliwa mwaka 752. Nyuma ya sanamu kuna nguzo ya mti yenye tundu chini. Inasemekana tundu hilo ni kubwa sawa na tundu la pua ya yule Buddha, na anayepenya atapata heri, basi watoto wanapanga foleni kupenya. Nje, kulungu wa Nara, ambao tangu kale wanaheshimiwa kama wajumbe wa miungu, wanawavuta mashati wakidai biskuti zinazouzwa kwa ajili yao. Jioni, kwenye maduka ya zawadi, kijana aliyesafirishwa toka Tokyo kuja kuiona karne ya 8 ananunua upanga wa mti. Walimu wanakataza kila mwaka, na maduka yanauza kila mwaka.

Nimeanza na Japani kwa sababu huku kwetu safari za shule zimegeuka tangazo. Pita barabara yoyote kubwa ya Dar es Salaam msimu ambao shule binafsi zinatafuta wanafunzi wapya, usome mabango: bwawa la kuogelea, maabara ya kompyuta, usafiri wa uhakika, ziara za ndani na nje ya nchi. Ziara imepangwa orodha moja na bwawa. Hoja inayotolewa ni kwamba kusafiri kunampanua mtoto akili, kunamfundisha dunia na tamaduni za watu wengine. Siipingi. Nauliza tu ni akili ya mtoto yupi, maana katika shule nyingi zinazojaribu ziara hizi, darasa linaloondoka na basi si darasa linalobaki kwenye daftari la mahudhurio.

Tusiwapambe Wajapani lakini. Hawakuanza jambo hili kwa nia ya kupanua akili ya mtu. Februari 1886 wanafunzi wa chuo cha ualimu cha Tokyo walitembea kwa miguu hadi Choshi, mji wa pwani katika mkoa wa Chiba, wakarudi, safari ya zaidi ya siku kumi. Yalikuwa mazoezi ya mwendo wa kijeshi yaliyochanganywa na uchunguzi wa kisayansi. Waziri wa elimu wa wakati huo, Mori Arinori, aliamini kwamba walimu wa taifa jipya wanafinyangwa kwa gwaride. Baada ya Japani kuishinda Urusi mwaka 1905, wizara ya elimu na jeshi zilishirikiana mwaka uliofuata kuwapeleka wanafunzi Manchuria na Korea, nchi za watu, wakatembezwe kwenye viwanja vya vita. Miaka ya 1930 mkazo ukahamia kwenye mahekalu ya ibada ya kifalme kama Ise, vijana wakainame mbele ya asili ya dola yao. Kisha vita vikapamba moto, na hata safari hizo zikakoma.

Kwa hiyo anayesema safari yenyewe inafungua macho asome kwanza historia hiyo. Wale vijana walisafiri kwelikweli. Walivuka bahari, waliona watu wa lugha nyingine, walikula chakula kigeni, na akili zao zikapanuka kuelekea upande uleule ambao jeshi lilikuwa limeuchagua. Mtoto huona anachooneshwa. Kama mwenye kuonesha ana lake, ramani haimsaidii.

Baada ya 1945 safari zilirejea mapema kuliko mtu angetarajia kwa nchi iliyokuwa majivu. Mchele ulikuwa wa mgao, kwa hiyo mwanafunzi alibeba mchele wake kwenye mfuko na kuukabidhi nyumba ya wageni ili apikiwe. Fikiria wazazi wa wakati ule, nyumba imeungua, kazi hakuna, bado wanapima vikombe vya mchele ili mtoto aende kuona mahekalu. Mwaka 1959 shirika la reli lilianza kuendesha treni maalumu za wanafunzi kati ya Tokyo na mikoa ya Kyoto na Osaka, mabehewa yaliyoundwa kwa kazi hiyo.

Katikati hapo palikuwa na msiba. Tarehe 11 Mei 1955, kivuko Shiun Maru kiligongana na kingine kwenye ukungu katika bahari ya ndani ya Seto, kikazama. Walikufa watu 168, na zaidi ya nusu yao walikuwa wanafunzi waliokuwa kwenye safari za shule. Nchi ililia, kisha ikakaa chini kutafuta la kufanya. Shule zikazidi kujenga mabwawa na kufundisha watoto kuogelea, na madai ya daraja la kuvuka bahari hiyo yakapata nguvu yasiyokuwa nayo kabla. Daraja lilifunguliwa mwaka 1988. Sisi nasi tuna Mei yetu: tarehe 6 Mei 2017, kwenye mlima wa Rhotia wilayani Karatu, ajali ya basi lililobeba watoto wa darasa la saba waliokuwa wakienda kufanya mtihani wa ujirani mwema iliua wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Mtu yeyote anayeandika kuhusu safari za shule Tanzania bila kuitaja Rhotia anauza tiketi.

Lakini kilichonivuta zaidi kwenye mfano wa Japani hakimo kwenye treni wala kwenye mahekalu. Kimo kwenye utaratibu wa fedha, jambo ambalo halijawahi kupigwa picha ya bango.

Safari hii imeingizwa kwenye mwongozo wa mtaala, si zawadi kwa waliofaulu wala starehe ya waliojaliwa. Shule nyingi hukusanya fedha kidogo kidogo kila mwezi, tangu mtoto anapoingia, kwa hiyo mwaka wa safari unapofika mzazi hashtukizwi na bili nzima. Na kwa familia zisizo na uwezo, sheria inazitaka manispaa zisaidie gharama za masomo, safari ya shule ikiwa ni mojawapo. Utaratibu una kasoro zake. Ziko manispaa zinazorudisha fedha baada ya safari, na mzazi asiye na kitu leo hasaidiwi sana na fedha za mwezi ujao. Hata hivyo, pale stesheni ya Kyoto huwezi kunyoosha kidole ukasema yule amelipiwa na baba yake na huyu amelipiwa na manispaa. Wote wamekaa mistari ileile, wamehesabiwa kwa hesabu moja.

Jambo la pili ni maandalizi. Miezi kabla ya kuondoka, darasa hugawanywa vikundi vya wanafunzi watano au sita. Kila kikundi huchagua pa kwenda katika ile siku yao ya kutembea wenyewe, huchunguza njia, mabasi, nauli, saa za kufungua na kufunga. Kamati ya wanafunzi huandaa kijitabu cha safari: ratiba, ramani, nani analala chumba gani, maswali ya kujibu, hata kiwango cha fedha za matumizi ambacho hakuna ruhusa kukivuka. Mtoto wa tajiri haruhusiwi kununua panga kumi. Sheria hiyo ndogo ina busara kuliko hotuba nyingi za mahafali.

Hiroshima ndiko inakoonekana tofauti ya aliyeandaliwa na asiyeandaliwa. Ndani ya jumba la makumbusho kuna sanduku la chakula la bati, limepondeka, na ndani yake chakula kimekuwa mkaa. Lilikuwa la mwanafunzi wa miaka 13, mmoja wa maelfu ya watoto wa sekondari waliokuwa wamepelekwa mjini asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945 kubomoa nyumba ili kuzuia moto wa mabomu usienee. Mama yake alimtambua kwa sanduku hilo. Watoto wanaolitazama leo wana umri uleule, na chakula chao cha mchana kimo kwenye begi mgongoni. Nje, kwenye mnara wa watoto uliozinduliwa mwaka 1958 kwa kumbukumbu ya Sadako Sasaki, aliyefariki kwa kansa ya damu mwaka 1955 akiwa na miaka 12, wanaweka mashada ya korongo wa karatasi waliyokunja darasani kwa wiki kadhaa. Korongo hao huja kutoka kila pembe ya dunia, kiasi cha tani 10 kwa mwaka, na halmashauri ya jiji imelazimika kuwa na sera ya kuwahifadhi na kuwarejeleza.

Na bado safari haifaulu kila mara. Mwaka 2014, huko Nagasaki, wanafunzi wachache kutoka mkoa mwingine walimtolea maneno ya kashfa mzee wa miaka 77, manusura wa bomu, aliyekuwa akiwatembeza na kuwasimulia. Mwalimu mkuu wao ilibidi aombe radhi. Ukiwapeleka watoto mia mbili mahali popote, watakuwepo watano waliokuja kwa ajili ya mito ya kulalia. Kinachosumbua zaidi ni umri: manusura wanakwisha. Huko Okinawa, kwenye jumba la makumbusho la Himeyuri, wanawake waliokuwa wasichana wa shule mwaka 1945, wakaburutwa kuuguza askari mapangoni, waliacha kutoa mihadhara yao ya kawaida mwaka 2015 kwa sababu ya uzee. Hiroshima ilianza mwaka 2012 kuwafunza watu wa rika la chini kubeba simulizi za wazee. Wanajua kwamba jengo bila mtu wa kulisemea ni jengo tu.

Tuvuke bahari turudi nyumbani.

Hapa kwetu ziara ya mafunzo huanzia ubao wa matangazo. Karatasi inabandikwa: kidato cha tatu, Mikumi, au Bagamoyo, au Kilwa, gharama fulani, ikijumuisha nauli, kiingilio, chakula cha mchana na soda, mwisho wa kulipa Ijumaa. Ijumaa inapita, waliolipa ni kumi na tisa, mwenye basi anataka abiria hamsini, safari inasogezwa wiki mbili. Wanatafutwa wa kidato cha pili wajaze viti. Siku yenyewe basi linaondoka alfajiri kwa nyimbo na vifijo, na waliobaki wanaambiwa wajisomee. Saa nne wanapewa mafyekeo. Jumatatu wenzao wanarudi na picha za twiga kwenye simu ya mwalimu, na kwa wiki nzima darasa lina mataifa mawili.

Sheria imejaribu kuingia katikati. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada katika elimu ya msingi hadi kidato cha nne, na serikali ikawabana walimu wakuu wanaotoza michango bila kibali. Walistahili kubanwa, kwani mtoto alikuwa akirudishwa nyumbani kwa deni la dawati. Matokeo yasiyokusudiwa ni kwamba mwalimu mwoga wa shule ya serikali, na mwalimu mwoga ndiye anayedumu kazini, hagusi kabisa jambo la ziara. Ziara zimebaki kwa shule binafsi. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili sasa linafundishwa nchi nzima. Mtoto anakariri kwamba Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, kwamba Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, lakini jiwe la matumbawe la msikiti mkubwa wa Kilwa ataligusa iwapo tu mzazi wake ana fedha kabla ya Ijumaa.

Kinachoniumiza ni kwamba tulikuwa na mpango mkubwa wa safari za shule, tena wa kitaifa, na hatukuupa jina. Miaka ya baada ya uhuru, aliyechaguliwa kwenda sekondari hakuulizwa angependa kusoma jirani na nani. Kijana wa Bukoba alijikuta Ndanda, wa Masasi akajikuta Ihungo, wa Moshi akapelekwa Tabora au Tosamaganga. Serikali ilitoa waranti ya safari, karatasi iliyokupandisha treni ya Reli ya Kati au basi bila kuuliza baba yako analima nini. Safari ilikuwa ndefu na ya vumbi, sanduku la bati likiwa kiti mchana na mto usiku. Mtoto aliyezoea ndizi alikutana na ugali wa muhogo, na aliyedhani Watanzania wote wanaamkia kama kwao aligundua vinginevyo siku ya kwanza bwenini. Hakuna aliyeandika kijitabu cha safari. Alikaa huko miaka minne, akajua majina ya milima ya watu.

Usinielewe vibaya, sitamani wakati ule urudi ulivyo. Waliopata nafasi hizo walikuwa wachache mno. Kwa kila kijana mmoja kwenye behewa la daraja la tatu, walikuwepo wengi waliokomea darasa la saba wakiwa na akili kama yake. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipoanza mwaka 2004 na shule za kata zikachipuka kila mahali, mlango ulifunguka kwa mamia ya maelfu, na bei yake ilikuwa kwamba sasa mtoto anasoma kilomita tatu kutoka kwao, na watoto wa majirani zake. Ulikuwa uamuzi sahihi. Ila ile safari ilianguka njiani bila mtu kugeuka nyuma kuiokota. Imebaki kwa wachache wanaopangiwa kidato cha tano mikoa ya mbali, na kwa wanamichezo. Mashindano ya michezo ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, bado yanampeleka mtoto wa Nkasi hadi Tabora au Mtwara akalale ukumbi mmoja na wa Pemba. Jambo zuri, ilimradi uwe na miguu ya mpira. Asiye na miguu hiyo na asiye na fedha hukutana pale kwenye mafyekeo.

Kuna safari za upande wa pili pia. Kila Julai, Moshi na Arusha hupokea vikundi vya wanafunzi kutoka Uingereza na kwingineko Ulaya, wanaokuja kupanda mlima, kuona tembo na, katikati ya hayo, kupaka rangi darasa la shule ya kijijini. Ziko kuta mkoani Kilimanjaro zilizopakwa mara nyingi kuliko idadi ya vitabu vilivyo ndani yake. Siwacheki hao watoto; wengi wana nia safi, na baadhi walichangisha fedha zao kwa kuosha magari. Nasema tu kwamba mwanafunzi mwenyeji anayewaimbia siku ya kuwapokea hana safari ya kurudisha heshima hiyo. Kizuizi chake cha kwanza ni fomu ya viza inayomtaka athibitishe ana fedha benki.

Ipo programu moja ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2002 baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, ambayo imekuwa ikiwachukua wanafunzi wa sekondari kutoka nchi zenye Waislamu wengi, Tanzania na Kenya zikiwamo, wakasome huko mwaka mmoja wa masomo wakiishi na familia ya mwenyeji, gharama zote zikiwa zimelipwa. Nia yake ya kisiasa haikufichwa, na baada ya kusoma habari za Manchuria hatuna sababu ya kuifumbia macho. Lakini imejengwa vizuri. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; kijana huyu anayekaa miezi kumi amewekwa kwenye zamu ya kuosha vyombo kama mtoto wa nyumba, na humo ndimo anamojifunza Marekani. Kasoro yake ni idadi. Wanaopata ni wachache kwa mwaka, nchi nzima.

Basi tukiacha ndoto za mbali, kwa fedha tulizonazo kinawezekana nini? Zaidi ya tunavyojiambia. Treni ya umeme iliyoanza kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 imefupisha njia hiyo kiasi cha kufanya Morogoro iwe safari ya kwenda na kurudi siku moja. Kule Dodoma, makundi ya wanafunzi huingia bungeni karibu kila kikao, na mbunge wao au Spika huwatambulisha kwa maneno ambayo nadhani yamechapwa mara moja tu tangu uhuru: wamekuja kujifunza jinsi Bunge linavyoendesha shughuli zake. Wanasimama, wanapigiwa meza, wanakaa. Wangekuja na maswali waliyoandika wenyewe darasani, na mbunge akalazimika kuyajibu kwenye ngazi za nje, hapo wangejifunza kweli linavyoendesha. Walio mbali na reli wana michoro ya miambani ya Kondoa, wana Isimila na Kalenga kule Iringa, wana mapango ya Amboni kule Tanga. Mwalimu wa historia wa shule iliyo Iringa mjini asiyewahi kuwapeleka wanafunzi wake Kalenga hana tatizo la bajeti.

Kilichobaki ni kile kiti cha mtoto asiyelipa. Bodi za shule na halmashauri zina uwezo wa kuandika jambo hili kwenye mpango wao wa mwaka: safari moja kwa kila mwanafunzi kabla hajamaliza kidato cha nne, fedha zikusanywe kidogo kidogo kwa kibali tangu kidato cha kwanza, na viti vya wasioweza vilipiwe na mapato ya ndani kimyakimya, bila karatasi yenye majina ubaoni. Pasipo fedha za Mikumi, waende mahali pa karibu, lakini waende wote. Na wewe mwalimu mkuu unayesoma hapa, kabla hujampigia simu mwenye basi, fungua daftari la mahudhurio uhesabu darasa zima. Hiyo idadi ndiyo ya kumtajia. Kama basi halitoshi, tafuta safari fupi zaidi.